Mwanamke Aliyezidi

Nilizaliwa mbishi. Mama yangu alisimulia kwamba hata titi nililikataa siku mbili, mpaka nilipoamua mwenyewe kuwa nina njaa. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanihurumia njiani akidhani nilikuwa mnyonge. Sikuwa mnyonge. Nilikuwa na akili zangu, nilizitegemea mno, na kwa sababu ya akili hizo nusura mtu apotee.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wametukalia, na reli yao ilikuwa ikija kutoka pwani, haijafika bado kwetu Ugogo. Wanaume wengi, mume wangu akiwa mmoja wao, walikuwa wamechukuliwa kwenda kuchimba na kubeba mawe huko reli ilikofikia. Tulibaki wanawake, wazee na ng'ombe. Nilikuwa katika mwaka wa nne wa ndoa, sina mtoto, nakaa tembe moja, nyumba yetu ya paa la udongo, na mama mkwe wangu, mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Shughuli zote za wanawake wa kaya zile zilipita mikononi mwake.

Nilikuwa na makundi mawili. La kwanza ni hilo lake, la wanawake wa kwetu na mambo yao ya zamani. La pili ni la wasomaji, yaani watu wachache tuliokwenda misheni kujifunza kusoma na kuandaliwa kwa ubatizo, chini ya mwalimu mmoja mtu wa pwani, mpole, mwenye sauti nzuri. Niliyapenda yote mawili, sikuwa nikiigiza. Kote tuliimba, na kuimba na watu kulinipa raha ambayo sikuipata kwingine.

Lakini kote pia kulikuwa na saa ambayo mtu mmoja alisema amesikia kitu, wa pili akasema naye amesikia, na zamu ikikufikia huna budi kusikia. Kule misheni ilikuwa ubaridi wa Roho ukipita begani. Kwa mama mkwe zilikuwa sauti za waliolala chini ya ardhi. Mimi begani sikupitiwa na kitu, na chini ya ardhi sikusikia hata panya. Nilisema nimepitiwa, nikasema nimesikia, moyoni nikabaki na langu. Nilijiona mjanja kuliko wote.

Mwaka huo mvua zilikataa. Uwele uliota ukafika magotini, ukakauka umesimama. Mama mkwe akatangaza kwamba mwaka umechafuka na lazima utupwe, na kazi ya kuutupa mwaka ni ya wanawake. Wanaume wakishindwa na mwaka, wanawake huvaa nguo za wanaume, hushika mikuki na fimbo zao, hujipaka majivu usoni. Hukusanya uchafu wa kila nyumba, majivu ya jikoni, samadi, vigae vya vyungu, wakaupeleka upande wa magharibi hadi mpakani, kwenye shimo la udongo mweupe, wakautupa humo. Kisha hurudi kimya bila kugeuka nyuma. Anayegeuka, mwaka humfuata.

Kwetu watu hawahesabiwi. Hata wanao huwataji kwa idadi, maana ni kuwaita wachukuliwe. Kwa hiyo ilikuwako njia nyingine ya kujua kama tumerudi salama. Kila mwanamke alichomoa kijiti kwenye ua wa zizi lake, mama mkwe akakipaka mafuta ya nyonyo na udongo mwekundu, na mwenye kijiti akakitumbukiza mwenyewe katika kibuyu kikubwa chenye mdomo wa kutosha mkono tu. Kibuyu kiliachwa njia panda. Wakati wa kurudi, kila mmoja alitia mkono akatoa kijiti kimoja, chochote kile, akaenda kukichomeka zizini kwake. Vijiti vikiisha pamoja na watu, tumerudi sote na hakuna kilichotufuata.

Juma lile lile mwalimu alikuwa amesikia habari. Alitusimamisha wasomaji baada ya somo. "Atakayetia kitu chake katika mambo yale," alisema, "asije kwangu kuomba ubatizo." Hakupandisha sauti. Nilirudi nyumbani nikiyatafuna maneno yake. Ubatizo niliutaka. Na kumwaibisha mama mkwe mbele ya wenzake kwa kubaki nyumbani sikuweza. Ndipo nikapata ufumbuzi nilioufurahia njia nzima: nitakwenda nao, ila sitatia kitu changu.

Asubuhi ya kuondoka nilipaka majivu kama wengine, nikavaa kaniki ya mume wangu, nikashika mkuki wake. Zamu yangu ya kutumbukiza kijiti ilipofika niliingiza mkono kibuyuni, nikagonga ukingo kwa kucha ili isikike, nikautoa mkono na kijiti changu kimelala kiganjani. Nilikichomeka kiunoni chini ya shanga. Hakuna aliyeona. Nilikuwa wa pili kutoka mwisho, kwa kuwa tulipangwa kwa miaka ya ndoa. Nyuma yangu alikuwapo mmoja tu, mke mdogo wa jirani yetu, aliyeolewa mwaka uliopita kutoka kaskazini, upande wa Chemba, kwa wale watu ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Kigogo chake kilikuwa cha kubabaisha na hakuwa na ndugu hata mmoja kwetu. Alikitia kijiti chake, nikakisikia kikidondoka.

Tulitembea tangu jua linachomoza. Kuimba kuliruhusiwa wakati wa kwenda, na tuliimba. Tulipolikaribia shimo nyimbo zilikwisha zenyewe, sijui nani aliacha kwanza. Mahali pale hapakuwa na upepo, wala ndege, wala nzi, nasi tulikuwa tumebeba samadi. Uchafu uliporushwa shimoni haukutoa mlio. Nilingoja mlio, hasa wa vigae, na haukuja. Nilijiambia kwamba ni udongo mlaini. Mpaka leo najiambia hivyo.

Kurudi ni kimya. Jua lilikuwa utosini, kila mtu amekanyaga kivuli chake. Nyuma yangu nilizisikia hatua za yule wa kaskazini, nyepesi, na kengele ndogo ya chuma aliyoifunga kifundoni. Zilikuwapo njia yote. Nayaandika haya kwa makusudi, maana baadaye hakika hiyo ilikuja kunitoka.

Pale njia panda mama mkwe alishika kibuyu, wanawake wakapita mmoja mmoja. Ilipofika zamu yangu nilitia mkono, na vidole vyangu vikagusa kijiti kimoja. Nilipapasa chini ya kibuyu kizima. Kilikuwa kimoja tu. Ndipo nikaelewa nilichofanya asubuhi. Ningeweza kukiacha na kujitia nimekipata, nikachomoa cha kiunoni, lakini macho ya mama mkwe yalikuwa kwenye mkono wangu, na niliogopa. Nilikichukua. Nilijua kabisa nani yuko nyuma yangu, nikakichukua.

Yule wa kaskazini alitia mkono. Akapapasa. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayedhani anataniwa, akapapasa tena. Mama mkwe alikipindua kibuyu, akakipiga tako. Halikutoka hata vumbi.

"Tumerudi na mtu," alisema.

Hakuna aliyepiga kelele. Wote waliondoka taratibu pale aliposimama yule mwanamke, hatua mbili, hatua tatu, mpaka akabaki peke yake na majivu yake usoni. Mwingine akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu tuliondoka naye?" Mmoja akasema yeye hakumwona asubuhi. Wa pili akasema wala yeye. Wa tatu, aliyekuwa amemfunga mwenyewe kaniki mgongoni, akasema sasa anakumbuka kwamba mgongo ule ulikuwa baridi. Zamu ikanifikia. Wakaniangalia mimi niliyekuwa mbele yake.

"Nilikuwa natazama mbele," nilisema. Ndivyo nilivyosema.

Uamuzi ulikuwa mwepesi kutamka. Siku ya nne atapelekwa tena shimoni na kuachwa huko huko, awarudie wenziwe. Kama yule mwali wa kweli yuko hai mahali fulani, atarudi. Kila mmoja wetu alijua maana yake. Mpakani kule hakuna maji wala mtu, na fisi hawaogopi mchana. Mumewe alikuwa kwenye reli pamoja na wanaume wetu, na wazee waliobaki hawakutaka kuingilia jambo la wanawake.

Kwa siku hizo tatu aliwekwa katika tembe bovu lililohamwa, pembeni mwa kaya. Hakufungwa. Hakuna aliyemsalimia, na chakula aliwekewa chini kwenye kigae. Mambo yakaanza kuonekana. Mbuzi wamekataa kupita mlangoni kwake. Kengele yake haina mlio tena. Mwishowe wakasema hana nyayo, anatembea vumbini na vumbi haliandiki.

Nilikwenda misheni siku ya pili, nikitumaini kwamba huko watacheka. Hawakucheka. Wasomaji wenzangu walikuwa na habari zote, pamoja na nyingine ambazo kwetu hazijazuliwa bado. Mwalimu alisikiliza, akafumba macho muda mrefu, akasema ni pepo aliyemwingia shimoni, na kwamba yeyote asizungumze naye kabla hajaja kumwombea, baada ya juma moja. Juma moja, na yule mwanamke alibakiza siku mbili. Kisha tukaombwa kila mmoja aseme alilosikia moyoni, na zamu ilipozunguka, msichana mmoja akasema amesikia mlio wa vigae vikidondoka mbali. Sikuwa nimemwambia mtu habari za vigae.

Sijawahi kuwa mpweke kama nilipotembea kurudi siku ile. Makundi yangu mawili, ambayo maisha yao yote hayakupatana hata juu ya rangi ya mbingu, yalikuwa yamepatana juu ya jambo moja, na mimi peke yangu katika nchi nzima nilikuwa na kijiti kinachosema si kweli. Nilikuwa nimekichomeka darini, kati ya miti ya paa. Kila nilipoingia ndani nilipandisha mkono nikakigusa. Kilikuwapo. Bado kilinata mafuta.

Asubuhi ya siku ya tatu nilisimama mlangoni na mama mkwe, na yule mwanamke akapita mbele yetu kwenda kuchota maji. Vumbi la kiangazi kile lilikuwa laini kama unga. Alipopita, mama mkwe alinisukuma bega. "Tazama mwenyewe."

Nilitazama. Niliona kwato za mbuzi. Niliona unyayo wangu wa alfajiri na nyayo za kuku. Nilifuata kwa macho mstari wote aliopita, kutoka tembe bovu hadi kichakani, na sikuona nyayo zake. Nilikimbilia ndani, nikakichomoa kijiti kutoka darini nikakishika kwa mikono miwili, nikajiambia kwa sauti: kijiti ni changu, sikukitia, ndiyo maana kilipungua. Nilirudia mpaka yakakosa maana. Nami niliyejua kila kitu nilikuwa ninamwogopa.

Mchana nilikwenda kisimani, saa ambayo hakuna mtu. Kisima chetu kilikuwa shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, unashuka ndani na kata. Yeye alikuwa ameketi chini humo, kwenye ubaridi. Nilitaka kugeuka. Aliniita.

"Dada. Wewe ulikuwa mbele yangu. Ulinisikia nyuma yako?"

Niliweka kata yangu chini.

"Wanasema sikuwapo," alisema. Alizungumza polepole akiyatafuta maneno ya Kigogo. "Mwanzo nilikasirika. Sasa najaribu kukumbuka. Nakumbuka asubuhi, nakumbuka shimo. Njia ya kurudi siikumbuki. Nikijigusa mkono, nahisi kama wa mtu mwingine. Kama ni mimi niliyewaletea, wanirudishe tu. Watoto wenu wapate kula."

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuipata tena. Nilimkasirikia yeye kwa kukubali, nikamkasirikia mama mkwe, nikamkasirikia mwalimu na macho yake yaliyofumbwa. Ilipokwisha kuwazunguka wote ilirudi kwangu ikakaa. Nilishuka kisimani nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto, wenye sugu za mchi, mkono wa mtu.

"Nilikusikia," nilimwambia. "Kengele yako ililia njia nzima. Mdogo wangu, kijiti chako ninacho mimi."

Nilimweleza yote. Hakunitukana. Alinitazama tu, na sikuweza kujua kama ameniamini.

Kesho yake walikusanyika mbele ya tembe letu, wameshavaa, wamepaka majivu. Yeye alikuwa amesimama katikati peke yake. Mimi nilitoka ndani bila majivu, na vijiti viwili mkononi, kile cha darini na kile nilichokitoa kibuyuni, ambacho nilikuwa nimekichomoa zizini alfajiri.

"Mama," nilimwambia mama mkwe, "hakuna mtu aliyezidi. Kijiti ndicho kilichopungua. Siku ile sikutia changu."

"Umekikata leo," alisema mmoja.

Mama mkwe alikipokea. Alikinusa, akakisugua kwa kidole gumba mpaka udongo wake mwekundu ukatoka kidoleni. Aliyatambua mafuta yake.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilitaka kwenda na nisiende."

Alitikisa kichwa polepole. Nilitarajia fimbo. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. "Basi aliyezidi alikuwapo," alisema. "Tulikwenda pamoja na kurudi pamoja na mtu ambaye hakuwa nasi. Ni wewe, mkamwana." Kisha alichukua maji ya kibuyu, akamwendea yule wa kaskazini, akamnawisha uso kwa mkono wake mwenyewe. Majivu yakatoka, na chini yake ulikuwa uso tulioujua sote. Wanawake walianza kulia. Yule aliyesema mgongo ni baridi alilia kuliko wote.

Mwaka mzima kwetu hakuna aliyetembea mbele yangu wala nyuma yangu. Misheni nako mwalimu aliniuliza swali moja tu, kama nilikwenda au sikwenda. Nilisema nilikwenda. Nilisubiri ubatizo miaka mitatu. Mvua ilinyesha ilipotaka, bila kumjali yeyote kati yetu. Sikuyaacha makundi yangu, na watu wamenishangaa kwa hilo. Ningekwenda wapi? Walikuwa ndio watu wangu. Nilirudi nikaimba nao, ila zamu ilipozunguka na kunifikia, nilisema, "Mimi sikusikia." Mara ya kwanza maneno hayo yalinitoka kama mfupa uliokwama kooni. Baadaye walizoea, hata wakanitania, wakaniita masikio ya gogo.

Yule wa kaskazini alizaa kwetu, akazeeka kwetu. Tulikuwa marafiki, ingawa sijui alinisamehe lini. Alikuwa na tabia moja ambayo haikumtoka: penye watu, alingoja wote wapakuliwe, ndipo akatazama kama bado kuna bakuli.

Mwaka jana, sote tukiwa vikongwe, tulikuwa tumeketi mlangoni kwangu tukichambua mlenda. Bila kuinua uso aliniuliza, "Dada, siku ile. Una hakika?"

"Nina hakika," nilimjibu upesi, kwa sauti kubwa.

Ya kijiti nina hakika nayo. Alichokuwa akiniuliza hakikuwa kijiti. Asubuhi ile ya vumbi sijawahi kumsimulia, wala mtu mwingine, mpaka ninapoandika hapa. Alishukuru, akakusanya mboga yake, akaaga. Nilimsindikiza hadi uani, na alipokuwa akienda kwake nilikaza macho kwenye paa la nyumba yake mpaka alipofika, nisije nikatazama chini alipokanyaga.